Bangi ya wikendi, kipimo cha mkojo kazini: naomba ushauri

Wakuu, habari za leo. Niko Denver, Colorado, mwaka wa nne sasa, nafanya kazi ghalani zamu ya usiku. Huku bangi inauzwa dukani tangu 2014, mradi uwe na miaka 21. Jumamosi navuta kidogo nyumbani, nalala. Kazini sijawahi kwenda kichwa kikiwa kizito, hata siku moja.

Sasa meneja katangaza vipimo vya kushtukiza. Kipimo cha mkojo kinakamata mabaki ya siku nyingi nyuma, hakijui umevuta leo au wiki iliyopita. Nikajipa moyo kwamba sheria ya jimbo itanilinda. Kumbe mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Colorado ilimkatalia Brandon Coats, mtu wa kiti cha magurudumu aliyefukuzwa kazi kwa bangi aliyokuwa anatumia kama dawa, nje ya saa za kazi, kwa sababu serikali ya shirikisho bado inaikataza. Mgonjwa kakosa, mimi wa starehe nitapona?

Nina siku kumi na moja sijagusa. Mama watoto anasema niwahi kumweleza meneja ukweli. Mimi naogopa, maana maombi yangu ya green card bado hayajajibiwa, na uhamiaji hawana utani na bangi. Niseme au ninyamaze? Aliyepitia haya anijuze.