Nilidhani kiharusi, kumbe sukari: mlio idara ya dharura, mnavukaje usiku kama huu?

Mwanagenzi

Shikamooni wakubwa. Nipo kwenye mafunzo kwa vitendo, mwezi wa pili idara ya dharura. Tangu chuoni nimetaka kubobea huku, ila zamu ya juzi imeniyumbisha.

Saa tisa usiku aliletwa mama mmoja kwenye machela. Mkono na mguu wa kulia havinyanyuki, maneno hayatoki. Binti yake akasema saa sita walikuwa wanazungumza vizuri tu. Kichwani mwangu jibu likawa tayari: kiharusi, na muda wa dawa ya kuyeyusha bonge la damu, yaani ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, haujapita. Nikakimbilia simu kuomba CT, picha ya ubongo, huku nikihimiza machela isukumwe. Muuguzi akanishika mkono wa koti: "Dokta, sukari yake umeiona?"

Sikuwa nimeiona. Akamchoma kidole. 1.6, imeshuka mno.

Tukampa dekstrosi, yaani maji ya sukari, ya asilimia 50 kwenye mshipa, mililita 50. Haukupita muda mrefu ule mkono ukanyanyuka, akajifuta mdomo, akauliza viatu vyake viko wapi. Binti alilia kwa furaha. Mimi niliingia stoo, mikono inatetemeka.

Mlijuaje kwamba mnaifaa kazi hii? Na mnamwendeaje mgonjwa anayefuata wakati akili bado iko kwa yule aliyetangulia?

Dkt_Machweo

Marahaba mdogo wangu. Nina miaka kumi na moja kwenye kazi hii.

Ulianza na jina la ugonjwa, kosa lako ni hilo tu. Sisi tunaanza na kile kitakachomuua mgonjwa sasa hivi: njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, fahamu, kisha kumfunua mwili mzima. Sukari ipo pale kwenye fahamu. Mimi hatua zote tano nazitaja kwa sauti, hata kwa mgonjwa aliyeingia kwa miguu yake. Nikiruka moja, muuguzi anasikia pengo na kuniuliza. Saa tisa usiku siitegemei akili yangu peke yake.

Hili sikulipata darasani. Aliwahi kuletwa kijana aliyechomwa kisu mkononi, damu inatiririka. Sote tukaukimbilia ule mkono, tukaufunga vizuri. Baadaye kidogo akaanza kuhema kama aliyekimbia, presha ikashuka. Nilipomchania shati nikakuta kitobo chini ya kwapa, hakizidi ukucha wa kidole cha mwisho, hakitoi hata tone la damu. Hewa ilikuwa imejaa kifuani na kulikandamiza pafu. Tuliitoa, akapona. Lakini lile shati lilitakiwa kuchanwa alipofika, na mwenye zamu nilikuwa mimi. Siku hizi mkasi nashika mwenyewe.

Kuhusu anayefuata: nanawa mikono taratibu mpaka kwenye viwiko, hata kama nilivaa glovu. Sabuni ikiisha mikononi, naondoka. Tukifiwa na mgonjwa, tulio chumbani tunasimama kimya karibu dakika moja. Kisha naenda kwa ndugu, naketi, nasema "amefariki". Nalitumia neno hilohilo. Mwaka wangu wa kwanza nilimwambia mama mmoja kuwa mwanawe "ametutoka". Akaniuliza, "Ametoka kwenda wapi? Nimemletea nguo." Alikuwa ameshika mfuko. Nililazimika kumwambia mara ya pili, na ile ya pili ilimuumiza zaidi.

Kama unaifaa au la, usiamue kwa usiku mmoja. Jiulize kama utaweza kuishi bila kujua mwisho wa wagonjwa wako, maana wengi wanapanda wodini na humwoni tena hata mmoja. Hilo limewaondoa wenzangu kuliko damu. Mimi nina kadaftari. Kila wiki nachagua watatu, napita wodini kuwauliza hali.

Sista_wa_Zamu

Dokta mdogo, hujasema yule mama alikuwa anameza dawa gani. Kama ni glibenklamaidi, ile dawa ya kisukari inayoshusha sukari, na hasa figo zikiwa zimechoka, ile sukari inaweza kushuka tena baada ya saa nyingi. Nimeona mgonjwa akiruhusiwa kwa sababu ameamka na anaongea, halafu akarudishwa hajitambui. Alazwe, sukari ipimwe kila saa, na apewe chakula, si dripu peke yake.

Na yule muuguzi, mtafute umshukuru. Si rahisi kumshika daktari koti katikati ya haraka. Ukimjibu vibaya mara moja, siku nyingine atanyamaza.

Mwanagenzi

Sista, umesema kweli tupu. Ilikuwa glibenklamaidi, na majibu ya figo yalirudi mabaya. Alilazwa. Saa kumi na mbili asubuhi sukari ilikuwa imeshuka tena, 2.7, ikawahiwa kabla hajabadilika.

Jana nimepita wodini. Amekaa kitandani, mkono wa kulia umeshika kikombe. Hanikumbuki, nikajitambulisha.

Muuguzi nimemshukuru. Akaniambia siku ile na yeye aliogopa, alidhani nitamfokea. Leo tuna zamu pamoja, naingia saa mbili. Nimemwomba nikianza kutaja zile hatua kwa sauti, asikilize.