Ulinganisho: kufunga makala zisikopiwe, au kumfuata mwizi baada ya kuiba?

Meza_ya_Fundi
Wakuu, naombeni ushauri wa waliopitia hili. Naandika makala za kutengeneza redio za zamani. Moja hunichukua wiki mbili, maana kila hatua naifanya kwanza mezani na kuipiga picha. Juzi nilichukua sentensi yangu moja nikaitafuta mtandaoni ikiwa ndani ya alama za kunukuu, nikaikuta kwenye tovuti tatu nisizozijua. Mojawapo imeweka jina la mtu mwingine juu ya makala, na kwenye picha ni mkono wangu. Imeniuma sana.

Nimeona watu wanapendekeza plagini (kiprogramu cha kuongeza kwenye tovuti) ya kuzuia msomaji asichague maandishi wala kubofya kitufe cha kulia cha kipanya. Wengine wanasema nikate mlisho wa RSS, yaani njia inayowapelekea wasomaji na programu makala mpya zenyewe, utoe aya ya kwanza tu, wengine niweke tangazo la hakimiliki, wengine nipeleke notisi makala ziondolewe. Muda wangu ni mdogo. Nianze na lipi?

seva_na_waya
Mkuu, pole. Hiyo plagini iache. Ukurasa ukishafunguka, maandishi yote yameshafika kwenye kompyuta ya msomaji. Akibonyeza Ctrl+U anayaona, na akizima JavaScript, lugha inayoendesha kizuizi hicho ndani ya kivinjari chake, kizuizi chako kimekwisha. Tena wezi wengi hawashiki kipanya kabisa. Wanaweka programu inayosikiliza mlisho wako, na kila unapochapisha, yenyewe inabandika kwao bila mtu kugusa kitu. Anayebaki kusumbuka ni msomaji mwema aliyetaka kukopi namba ya kipuri akaitafute.

Kukata mlisho kunamkwamisha mwizi wa namna hiyo, hilo ni kweli, ila kunawaudhi wanaokusoma kwa njia hiyo, na hao ndio waaminifu wako. Mimi mlisho wangu nimeuacha mzima, nikaongeza mstari wa chini unaotaja makala ilikotoka kwanza, pamoja na linki yake. Ndani ya makala naweka linki za makala zangu nyingine kwa anwani kamili. Programu ya kuiba mara nyingi huzibeba zote, kwa hiyo nakala yake inamrudisha msomaji kwangu.

Bi_Wino
Nakubaliana na seva_na_waya kwa maandishi, kwa picha sikubali. Picha inatembea peke yake, haina mstari wa chini. Andika jina la tovuti yako juu ya picha yenyewe, si pembeni, kwa sababu pembe hukatwa. Kwenye redio zako liweke juu ya kile kifaa unachokionyesha, kwa rangi hafifu.

Na usitegemee kama ulinzi faili ya robots.txt, ile inayoziambia roboti, yaani programu zinazopitia tovuti, kurasa zipi zisiguse. Utaratibu huo upo tangu 1994, na hadi leo ni ombi tu. Roboti yenye adabu inatii, ya mwizi inapita.

Msoma_Sheria
Ndugu Meza_ya_Fundi, tangazo la hakimiliki liweke, ni mstari mmoja tu, lakini haki yako haitokani nalo. Chini ya Mkataba wa Berne wa 1886, ambao nchi nyingi duniani zimo, kazi inalindwa tangu ilipoundwa bila kusajiliwa. Kinacholindwa ni maneno yako jinsi ulivyoyapanga, na picha zako. Njia yenyewe ya kutengeneza redio hailindwi. Mtu akiisoma akaieleza kwa maneno yake na picha zake, huna kesi ya hakimiliki hata kama moyo unauma.

Kwa hao watatu walionakili neno kwa neno, notisi ndiyo yenye meno. Sheria ya Marekani ya 1998, DMCA, inaikinga kampuni inayohifadhi tovuti za watu isibebeshwe kosa la mteja wake, ikiwa itaondoa haraka kitu kilichoibwa baada ya kupewa notisi. Ndiyo maana kampuni hizo hujibu hata kama mwizi mwenyewe hajibu. Huhitaji kuishi Marekani wala kuwa na wakili. Taja kazi yako, taja anwani ya kila ukurasa ulioibwa, toa mawasiliano yako, tamka kwa nia njema kwamba hukutoa ruhusa, na kwamba taarifa ni sahihi na wewe ndiye mwenye haki, chini ya adhabu ya kiapo cha uongo. Kisha weka sahihi yako.

Mambo mawili uyajue mapema. Notisi huweza kumfikia mwizi ikiwa na jina lako. Na yeye ana haki ya kuipinga: akipinga, na wewe usipofungua kesi, ukurasa hurudishwa baada ya siku 10 hadi 14 za kazi.

kurasa_mia
Samahani kuingilia. Mimi nimeweka leseni ya Creative Commons, ile ya kuwaruhusu watu mapema watumie kazi yako kwa masharti. Je, nami naweza kupeleka notisi?

Msoma_Sheria
Inategemea masharti ya leseni uliyochagua, dada. Kama uliruhusu kunakili kwa sharti la kutaja jina, na yeye amelitaja jina lako na leseni, amefuata ruhusa yako. Asipotaja, amevunja. Usisahau kwamba leseni hizo hazirudishwi nyuma kwa aliyekwisha kuchukua kwa kufuata masharti.

Bi_Wino
Kabla ya kumwandikia mtu yeyote, hifadhi ushahidi! Mimi niliwahi kumwandikia mwizi kwanza, akabadilisha tarehe ya ukurasa wake ionekane kaanza yeye. Siku hizi naingiza ukurasa wake kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, hifadhi ya mtandaoni inayotunza nakala ya ukurasa pamoja na tarehe, napiga picha ya skrini, ndipo naandika. Wapo wanaotoa siku hiyohiyo kwa ombi la heshima, kwa hiyo ombi lenyewe silidharau.

seva_na_waya
Ukitafuta kampuni ya kuandikia, usichanganye. Aliyesajili jina la tovuti si lazima awe ndiye anayeihifadhi. Na kuna kampuni za kati zinazoficha seva halisi. Ukiangukia hapo, jaza fomu yao ya malalamiko na uwaombe wakutajie anayehifadhi. Kama kote kumekwama, Google wana fomu ya kuomba ukurasa ulioibwa utolewe kwenye matokeo ya utafutaji. Ukurasa utabaki, ila wasomaji hawatafika kwa njia hiyo.

Meza_ya_Fundi
Wakuu, narudi na majibu. Nilihifadhi ushahidi kwanza kama alivyosema Bi_Wino, nikawaandikia wote watatu. Mmoja aliondoa jioni ileile na kuomba radhi. Kwa wengine wawili nilipeleka notisi. Ukurasa mmoja umeshushwa, huyu mwenye jina la uongo bado nasubiri. Plagini sikuweka. Picha mpya nazitia jina katikati.

seva_na_waya
Vizuri mkuu. Umepitia na makala zako za zamani, au hiyo moja tu?

Meza_ya_Fundi
Nimezipitia leo. Kwa huyohuyo mwenye jina la uongo nimekuta nyingine kumi na moja. Naongeza anwani zake kwenye notisi usiku huu.