Mrejesho: Niliyeuliza kama niuze kiwanja cha Kigamboni kabla ya kuhamia Kanada

Wakuu, habari zenu. Mimi ndiye niliyeuliza mwaka juzi kama niuze kiwanja ili tuhamie Kanada moja kwa moja na mke wangu. Wengi mlisema nisithubutu. Sikuuza, na nawashukuru.

Tupo Edmonton, mwezi wa 14 sasa. Ukaazi wa kudumu tuliupata kabla ya kutoka Dar. Baridi mlinitisha nayo, na kweli Januari tuliona nyuzi 30 chini ya sifuri, lakini ndani kuna joto, unakaa na fulana. Kilichonitesa ni kazi. Uhasibu wangu wa miaka 9 kila mwajiri aliuliza tu, "una uzoefu wa hapa?" Miezi 7 nimepanga maboksi ghalani usiku. Juzi nimepata ukarani wa malipo. Siyo cheo changu cha zamani, ila walau usiku nalala.

Uraia unaomba ukishakaa siku 1,095 ndani ya miaka 5. Mke anautaka. Mimi nasita: Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, na asiye raia hamiliki ardhi kama raia. Kwa hiyo kiwanja kilekile ndicho kinachotugombanisha mezani! Kulinda ukaazi zinatosha siku 730 katika miaka 5, hivyo sina haraka.

Dada uliyesema nibebe dagaa: huku wapo, ila bei yake, we acha tu.