Tupeane uzoefu: Tumpikie nini mzazi aliyetoka kujifungua, kikae siku kadhaa bila kuharibika?

Mwanzisha mada, Kibaha

Ndugu wanajamvi, salamu. Mdogo wangu anatarajia kujifungua mwezi ujao, na anaishi Mbagala yeye na mumewe tu, kwa kuwa mama yetu anaumwa na hataweza kuja kumlea kama alivyonilea mimi. Nina kazi, kwa hiyo ninachoweza ni kupika Jumamosi na kumpelekea chakula cha siku kadhaa. Nilipojifungua mwanangu wa pili, wageni walifurika wiki ya kwanza wakiwa na kanga, sabuni na soda, lakini kufika wiki ya tatu nilikuwa nakula mkate na chai saa tisa alasiri, mtoto yuko begani, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuinjika sufuria. Sitaki mdogo wangu apitie hayo. Naomba aliyewahi kupika au kupikiwa atueleze kilikuwa chakula gani, kilihifadhiwaje, na kama kweli mzazi alikila.

Mama wa watatu, Moshi

Dada, kwetu jibu la kwanza ni mtori, na nimeupika kwa wifi zangu wawili. Kwa wifi wa kwanza nilikosea: nilipeleka sufuria moja kubwa, wakawa wanaipasha nzima kila mlo na kuiacha mezani ipoe, na siku ya tatu ulikuwa umechacha, nyama yote imekwenda bure. Nililia.

Kwa wifi wa pili nilichemsha nyama ya ng'ombe yenye mfupa hadi ikaachia yenyewe, kisha nikatoa mifupa yote, hata vile vipande vidogo, kwa sababu anayekula kwa mkono mmoja huku ananyonyesha hana nafasi ya kuchambua mifupa. Ndizi mshare mbichi, kitunguu na karoti viliiva ndani ya supu hiyo hiyo, nikaponda mpaka mwiko ukawa unapita bila kukwama. Chumvi niliweka kidogo, na maziwa sikuweka kabisa, huongezwa siku ya kula. Niligawa katika makopo madogo ya mlo mmoja mmoja, nikayaacha wazi mvuke uishe, na kabla ya muda wa saa 2 kupita tangu kuepua yote yalikuwa kwenye baridi: ya siku 2 za mwanzo kwenye friji, yaliyobaki kwenye friza. Mtori ulioganda huwa mzito, hivyo mwelekeze shemeji aongeze kikombe cha maji na akoroge mpaka utokote, asiridhike na uvuguvugu.

Mwanzisha mada

Asante sana, dada. Na umeme ukikatika?

Bibi wa wajukuu saba, Tanga

Mwanangu, mimi sina friza na wazazi wote niliowapikia wamekula. Peleka vikavu. Dagaa watoe vichwa, waoshe kwa maji ya moto, waanike wakauke, kisha wakaange kwenye kikaango kikavu mpaka wavunjike mkononi. Ukiwafunga vizuri katika chupa kavu watakaa wiki kadhaa, na mzazi atawanyunyizia ndimu tu na kula. Peleka na unga wa ulezi uliochekechwa na karanga zilizokaangwa na kusagwa, ili mumewe apike uji alfajiri, aujaze kwenye chupa ya chai, umkute mkewe wakati mtoto anapomwamsha.

Uji wa pilipili manga nimeupenda tangu usichana wangu na sitauacha, ila nawaomba msimjaze mzazi pilipili mpaka koo liwake mkidhani ndiyo inayoleta maziwa. Maziwa huletwa na mtoto kunyonya mara kwa mara, na mama kushiba na kunywa vya kutosha.

Baba wa mapacha, Dodoma

Sheria ya kazi hapa kwetu inampa baba likizo ya siku 3. Siku ya nne nilirudi kazini, nikamwacha mke wangu na watoto wawili, na majirani ndio waliotulisha. Nawashukuru hadi leo, lakini nina maombi mawili.

La kwanza ni vyombo. Tulijikuta na hotipoti tisa, hatujui ipi ni ya nani, na mke wangu alikosa usingizi akiwaza kuziosha na kuzirudisha. Jirani mmoja tu alileta chakula katika makopo matupu ya siagi, akaandika juu yake jina la chakula na tarehe, akasema hayarudishwi.

La pili ni kuuliza kabla ya kupika. Mke wangu alipata presha mwishoni mwa ujauzito na alishauriwa apunguze chumvi, ilhali pilau na michuzi mingi tuliyoletewa ilikuwa na chumvi kali, akawa anaitazama tu.

Mkunga mstaafu, Morogoro

Naunga mkono hilo la kuuliza. Anayenyonyesha huhitaji takriban kilokalori 500 zaidi kwa siku, na aliyepoteza damu anahitaji madini ya chuma, kwa hiyo maini, maharage, dagaa na matembele visikosekane, pamoja na chungwa pembeni kwa kuwa husaidia mwili kuyapokea madini hayo. Chai isubiri saa moja au zaidi baada ya mlo, kwani huyazuia. Aliyefanyiwa upasuaji mpelekee papai na maji mengi. Choo kigumu juu ya mshono ni mateso makubwa.

Mama, Thika

Huku kwetu Wakikuyu humpikia mzazi njahi, jamii ya maharage meusi. Huiva polepole na hustahimili friza vizuri sana, mradi usichanganye viazi, maana vikigandishwa hutoka na majimaji.

Mwanzisha mada

Nimempigia mdogo wangu. Presha yake ni nzuri, ila harufu ya kitunguu saumu inamchefua, na mimi nilikuwa nimeshakinunua. Nitaanza na makopo 8 ya mtori, chupa ya dagaa na unga wa ulezi, nami nitavipeleka wiki ya pili, wageni wakishapungua. Dada wa Moshi, mshare nitaupata wapi huku?

Mama wa watatu, Moshi

Nenda soko la Mabibo asubuhi na mapema, useme unataka mshare wa mtori. Chagua mbichi kabisa, kwani ukianza kuiva mtori utakuwa mtamu.