Mwanasheria Mkuu wa Serikali (AG) akitoka baraza la mawaziri arudi moja kwa moja kuwa jaji? Tujadili kwa hoja

Wadau nimeona watu wanabishana kuhusu wanasheria wanaohamahama, leo mwanasheria wa serikali kesho jaji keshokutwa mwanasiasa, na wengi wanasema ni kawaida tu, mtu kasoma, mwacheni atumikie nchi. Mimi sikubaliani, hasa kwenye kiti cha Mwanasheria Mkuu wa Serikali.

Kwa katiba yetu ya Tanzania AG ndo mshauri mkuu wa serikali kwenye sheria, anahudhuria baraza la mawaziri (hapigi kura ila yumo humo ndani), na ni mbunge kwa wadhifa wake. Ukifungua kesi ya kikatiba kupinga sheria au maamuzi ya serikali, kwa kawaida utamkuta yeye upande wa pili. Sasa katiba hiyohiyo ibara ya 113A inakataza jaji kujiunga na chama cha siasa. Kwahiyo kadi ya chama tumeiona ni hatari ila miaka ya kukaa na mawaziri meza moja tumeona haina shida??

Angalia njia ilivyo. Werema alikuwa jaji Mahakama Kuu, akawa AG 2009, akajiuzulu Desemba 2014 kwa sakata la fedha za akaunti ya Tegeta Escrow. Masaju akawa AG 2015, 2018 akateuliwa jaji, na Juni 2025 kawa Jaji Mkuu. Feleshi alikuwa Jaji Kiongozi, yaani mkuu wa Mahakama Kuu, 2021 akawa AG, 2024 akarudi mahakamani, safari hii Mahakama ya Rufani. Sisemi kuna aliyepindisha hukumu, sina ushahidi wa hivyo na sio hoja yangu, wote ni wanasheria wazito. Hoja yangu ni mlango wenyewe.

Niliwahi kumsaidia mjomba wangu kuandaa notisi ya siku 90 ya kuishtaki serikali, mambo ya kiwanja. Mzee anasoma polepole, kidole kiko kwenye maneno "Nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali", akaniuliza huyu akimaliza hii kazi anaendaga wapi? Nikamwambia wengine wanakuwa majaji. Akaikunja ile karatasi akaiweka mfuko wa shati, hakuongea tena mpaka tunafika stendi. Mpaka leo sijapata jibu la kumpa.

Najua mtasema tangu 2018 kuna ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali, ndo inayosimama mahakamani, AG anashauri tu. Sawa, lakini ushauri ndo kazi nzito zaidi, maana muswada unapita mikononi kwake kabla haujawa sheria, halafu miaka miwili mbele sheria ileile inaletwa mbele yake kama jaji. Mtasema pia jaji anaweza kujitoa kwenye kesi. Kweli, ila mara nyingi anayebeba mzigo wa kuomba ajitoe ni mwananchi, na wengi wanaogopa kumkera jaji kabla hata kesi haijaanza.

Kinachoniuma zaidi, Tundu Lissu alipochaguliwa rais wa TLS (chama cha mawakili wa Tanganyika) Machi 2017 akiwa mbunge wa upinzani kelele zilikuwa nyingi kwamba anachanganya uwakili na siasa. AG naye ni mbunge, tena kwa wadhifa anaoteuliwa na rais, mbona yeye hiyo tunaita utumishi wa umma?

Pendekezo langu AG akitoka akae pembeni miaka mitatu hivi kabla ya kuapa ujaji. Afundishe chuo, arudi uwakili, au afanye kama Warioba, alikuwa AG akaendelea na uwaziri mpaka uwaziri mkuu, hapo angalau kila mtu anajua yuko upande gani.

Mnaopinga nielezeni miaka mitatu inamuumiza nani. Na nyie mawakili mliomo humu, mteja wenu akitaka jaji ajitoe huwa mnamshauri nini?