Mrejesho: kigunduzi cha miali ya kosmiki, Mtwara

Wakuu, habari zenu. Niliuliza kwa nini kigunduzi chetu cha kufundishia kidato cha sita (kifaa kinachohesabu chembe ndogo mno zitokazo angani) kinahesabu ovyo mchana, usiku kinatulia. Uliyesema mwanga wa nje unapenya ndani ya boksi, ubarikiwe. Tulifunga mapazia, tukamulika tochi polepole kila kona ya boksi. Pale waya unapotokea, namba zikaruka kama bisi! Tukaongeza foili, juu yake tepu nyeusi ya mafundi umeme. Kimya.

Kipande chetu cha plastiki, kile kinachomeremeta chembe ikipita, ni sentimita 5 kwa 5. Usawa wa bahari, kila sentimita ya mraba hupitiwa na myuoni (chembe ya miali hiyo inayofika ardhini) 1 hivi kwa dakika, kwa hiyo tunategemea kama 25. Hapa mjini tunakaribia hapo. Kubebanisha vigunduzi viwili na kuhesabu vinapolia pamoja tu nako kumesaidia: mionzi ya ukutani, ambayo kwa kawaida hugusa kimoja tu, inachujwa. Namba hushuka, ila unaziamini.

Kero ni pawabenki, inajizima maana kifaa kinakula umeme kidogo mno. Tumechomeka na taa ndogo ili isilale.

Likizo tunakipandisha Newala, juu ya uwanda wa Makonde, ambako hewa ya juu yetu ni pungufu, tuone kama hesabu itaongezeka. Vijana wameshawekeana dau la soda.