Viza ya Misri kwa Mtanzania anayeishi Uingereza: hutolewa uwanjani au ni lazima iombwe kabla ya safari?

Mjukuu wa Pwani aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni Mtanzania ninayeishi Uingereza kwa kibali cha ukaazi, na mume wangu pamoja na mtoto wetu wana pasipoti za Uingereza. Tunakwenda Dar es Salaam kuwasalimia wazee, na wakati wa kurudi tumekusudia kushuka Cairo, tuone piramidi za Giza, kisha tupande ndege ya ndani hadi Luxor kabla ya kurejea London. Mume wangu ameambiwa na wenzake kazini kwamba viza hulipiwa uwanjani, na mmoja wao akasisitiza kuwa upo hata muhuri wa bure wa siku 15. Mimi nimesoma mahali kwamba Mtanzania hana budi kuomba viza ubalozini, na kwingine kwamba mwenye kibali cha Uingereza huipata akifika. Nishike lipi? Na je, cheti cha homa ya manjano kinatuhusu, ilhali makazi yetu ni Uingereza?

Mkata Tiketi alijibu:

Dada, mko familia moja lakini mna masuala mawili, nayo ni vyema yatenganishwe mapema, kwa sababu anayekagua nyaraka huangalia pasipoti moja moja.

Nianze na jepesi. Mume na mtoto, kwa pasipoti zao, wanaweza kununua viza ya kitalii ya siku 30 wanapowasili Cairo, au kuiomba kwa mtandao kabla ya safari kupitia tovuti ya serikali ya Misri, visa2egypt.gov.eg. Ombi la mtandaoni lipelekwe angalau siku 7 kabla ya safari. Tafadhali iandikeni anwani hiyo wenyewe badala ya kubofya tangazo la kwanza linalojitokeza, maana zipo tovuti nyingi za madalali zinazofanana na za serikali na zinazotoza ada mara mbili au tatu. Wakiamua kununua uwanjani, madirisha ya benki yapo kabla ya dawati la uhamiaji: unalipa, unapewa stika, ndipo unapanga foleni ya kugongewa muhuri. Ada kwa muda mrefu ilikuwa dola 25 za Marekani, ila wabebe fedha taslimu zaidi ya hizo, kwani ada za viza hupandishwa bila kumngoja msafiri. Akitokea mtu mwenye bango na tabasamu akidai kuwasaidia kupata stika, wamshukuru na wapite. Huyo anauza huduma yake mwenyewe juu ya bei ya benki.

Muhuri wa bure upo kweli, lakini hauwahusu. Umewekwa kwa wanaofikia Sinai Kusini na kubaki huko huko, yaani Sharm el-Sheikh, Dahab, Nuweiba na Taba, kwa muda usiozidi siku 15. Anayetaka kuziona Giza na Luxor anahitaji viza kamili.

Sasa wewe. Yote mawili uliyoyasoma ni sahihi, na hapo ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa. Kanuni ya jumla ni kwamba pasipoti ya kawaida ya Tanzania inahitaji viza iliyopatikana kabla ya safari. Juu ya kanuni hiyo upo msamaha kwa wenye viza au ukaazi halali wa nchi kama Uingereza, Marekani, Kanada na zile za Schengen (nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja), ambao huruhusiwa kununua viza wanapofika. Hata hivyo, wa kwanza kuuamua msamaha huo si afisa wa Cairo bali mfanyakazi wa shirika la ndege pale Dar es Salaam, ambaye hufungua Timatic, yaani mfumo wa mashirika ya ndege unaoonyesha masharti ya kuingia kila nchi, huingiza uraia wako na nyaraka zako, na kufuata kile anachokisoma kwenye kioo. Asiporidhika hupandi, kwa kuwa shirika likimpeleka abiria asiyekubaliwa, ni shirika hilo hilo litakalogharamia kumrudisha.

Daktari wa Zamu alijibu:

Kuhusu chanjo, kinachoangaliwa ni mahali unapotoka, wala si makazi yako. Mngetoka London moja kwa moja, suala hili lisingekuwepo. Kwa kuwa mtaingia Misri mkitokea Afrika Mashariki, jiandaeni kuulizwa cheti, pamoja na cha mtoto, maana sharti hilo huanzia umri wa miezi 9. Cheti huanza kutambuliwa siku 10 baada ya chanjo, hivyo kuchanjwa Dar es Salaam siku mbili kabla ya kuondoka hakutawasaidia. Kama ulichanjwa zamani na kadi yako ya njano inaonyesha kwamba muda umekwisha baada ya miaka 10, usichanjwe tena kwa sababu hiyo: tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, na hata vya kabla ya hapo vinahesabiwa hivyo.

Mjukuu wa Pwani aliandika:

Nawashukuru sana. Niulize la ziada: ile kadi yangu ya ukaazi ya Uingereza ninayo bado, ingawa tarehe iliyoandikwa imepita na sasa hadhi yangu iko mtandaoni. Itatosha kuonyesha kadi hiyo?

Msomi wa Kanuni alijibu:

Haitatosha, dada, na kwa maoni yangu hili ndilo linalopaswa kuamua mpango wako wote. Kadi nyingi za aina hiyo ziliandikwa kwamba zinakoma tarehe 31 Desemba 2024, hata kwa watu ambao ukaazi wao unaendelea, kwa sababu Uingereza ilikuwa inahamia kwenye mfumo wa kidijitali. Ukaazi wako ni halali, lakini ushahidi wake sasa ni akaunti yako ya mtandaoni na msimbo unaoutoa humo ili mtu mwingine auhakiki. Afisa wa Uingereza anaufahamu. Lakini fikiria uko kwenye kaunta usiku, simu inatafuta mtandao, nyuma yako foleni inanung'unika, na mbele yako yuko mtu aliyezoea kushika kadi mkononi. Haki unayo, ila itakubidi uitetee papo hapo, na mtoto begani.

Kwa hiyo nisingeutegemea msamaha huo. Omba viza katika ubalozi mdogo wa Misri jijini London, ukiwa mkaazi wa huko, kabla hamjaondoka kwenda Dar es Salaam. Ubalozi wa Misri upo Dar es Salaam pia, lakini maombi mengine hupelekwa Cairo kwanza kwa idhini, na likizo ya kuwaona wazee isiishie kwenye kusubiri pasipoti. Hakikisha pasipoti ina zaidi ya miezi 6 kuanzia siku ya kuwasili, na uiambatanishe na uthibitisho wa hoteli pamoja na tiketi ya kutoka Misri. Hakikisha vilevile kwamba akaunti yako ya ukaazi imeunganishwa na pasipoti hiyo hiyo unayosafiria, kwa sababu utakapopanda ndege Cairo kurudi London utakaguliwa upya, na safari hiyo stika ya Misri haitakusaidia kitu.

Mkata Tiketi aliongeza:

Nakubaliana na aliyenitangulia. Omba viza ya kuingia mara moja tu, kwa kuwa kwenda Luxor si kutoka nchini; ile ya kuingia mara nyingi ungeihitaji kama mngevuka kwenda Jordan kisha mkarudi Cairo kupanda ndege.